Anti, nitupe ndoo?

Barua za wiki hii zinahusu vitu: vilivyojaa, vinavyomaliza hela, na vile ambavyo mtu anaogopa kuvigusa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nazijibu jinsi zilivyonifikia.

Shikamoo anti. Mume wangu siku hizi anaangalia video za watu wanaoishi na vitu vichache. Anasema chochote ambacho hakijatumika miezi 6 kitoke. Ameanza na ndoo zangu za rangi na madumu ya uani. Nimkubalie? (Mama wawili, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Kanuni ya miezi 6 imetungwa na mtu ambaye bomba lake halikatiki. Akitupa kitu kwa makosa, anaingia dukani kununua kingine, yameisha. Ndoo yako ya lita 20 inaweza kukaa imepinduliwa miezi 7, halafu siku maji yakikatika ikaizidi thamani televisheni. Hesabu maji mnayotumia kwa siku mbili, bakiza ndoo na madumu ya kutosha hayo. Zilizopasuka zitoboe matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na mboji, panda mchicha. Baada ya wiki 3 au 4 unachuma.

Mumeo naye mwulize kuhusu boksi lake. Kila mwanaume ninayemjua ana boksi la chaja na nyaya za simu zilizokwisha kufa. Aanze na hilo. Ila asizichome moto, maana moshi wa waya ni sumu. Ampelekee fundi simu, atachambua zinazomfaa.

Anti, nina kabati la vyombo tulivyozawadiwa harusini, huu mwaka wa 9. Ni vya wageni. Sisi tunakula kwenye sahani za plastiki. Juzi binti yangu kaniuliza, "Mama, wageni wenyewe ni akina nani?" Nikakosa jibu. (Msomaji, Morogoro)

Marehemu mama yangu alikuwa na seti ya sahani zenye maua ya bluu. Kazifunga moja moja kwenye gazeti, kazipanga juu ya kabati la nguo. Tulizishusha siku ya msiba wake, watu wamejaa, vyombo havitoshi. Gazeti lilikuwa limegandamana na sahani, na wino wa habari za mpira umebaki juu ya maua, maandishi kinyumenyume. Shangazi akakaa kwenye kigoda akizisugua kwa majivu, moja baada ya nyingine, huku analia. Sina hakika hadi leo kama mama aliwahi kula hata mara moja kwenye sahani zile.

Zitoe leo usiku. Zikivunjika mbili mwaka huu, zimevunjikia kwa wenyewe.

Habari za kazi dada. Mkaa unanimaliza. Nanunua wa kopo kila siku, na siku ya maharage makopo mawili hayatoshi. Gesi ninayo mtungi mdogo lakini naiogopea maharage. (Baba anayepika mwenyewe, Tabata)

Nzuri kaka, na hongera kwa kupika. Mkaa wa kopo ndio mkaa ghali kuliko wote. Ukijumlisha makopo ya mwezi utakuta umelipa kupita anayenunua gunia, ila gunia linataka hela ya mkupuo, na ndipo wengi tunapokwama. Kwa hiyo tupunguze matumizi kwanza.

Tafuta kikapu kipana cha ukindu. Tandika ndani blanketi kuukuu au vitenge vilivyochakaa, chini na pembeni, unene wa kiganja. Shona mto wa kufunikia juu. Jiko hilo, limekwisha. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine yaliyozidi maharage kidogo tu, maana humo kikapuni hayakauki. Yachemshe kwa nguvu dakika 20. Hapo usifanye haraka, kwa sababu maharage mekundu yasipochemka barabara yanaumiza tumbo vibaya. Kisha funika sufuria, iingize kikapuni ingali inatokota, gandamiza mto juu, uende shughuli zako. Usichungulie. Ukifunua mara moja, joto limekwenda. Baada ya saa 3 au 4 yarudishe motoni, yachemke tena, ndipo uunge nazi. Usiyaache humo mpaka yapoe yakawa vuguvugu, yatachacha. Na sufuria iwe imejaa vizuri; maharage ya mtu mmoja kwenye sufuria kubwa hupoa kabla hayajaiva.

Dakika 20 hizo hata mtungi wako mdogo unazimudu. Wali nao unaiva humohumo, ila nikuambie mapema: ukoko hupati. Mimi siku nikiutamani ukoko, narudi kwenye mkaa na kupalia kama kawaida.

Anti, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nina mifuko mbadala kama arobaini nyuma ya mlango. Kila nikienda sokoni nasahau, nanunua mwingine. Angalau si plastiki, au? (Dada wa Ubungo)

Ni plastiki, dada. Katazo la Juni 2019 liliondoa ile mifuko laini ya kubebea, lakini mingi ya hii inayofanana na kitambaa ni nyuzi za polipropilini, plastiki ya aina nyingine. Ikikaa juani inapukutika vipandevipande. Kunja mmoja uuweke kwenye mkoba wa kila siku, hapo penye simu na nauli. Iliyobaki mpelekee muuza mkaa au muuza nyanya, atakushukuru.

Shikamoo. Nina sare za harusi na sendofu 14, kila moja imevaliwa mara moja. Mwezi ujao kuna nyingine, ya zambarau. Nikikataa nitaonekana namchukia bibi harusi. (Binti wa Dodoma)

Marahaba. Usikatae, mwahi. Kabla kamati haijagawa vitambaa, mpigie bibi harusi mwenyewe, mwambie mchango wako uko palepale, ila utavaa zambarau uliyonayo. Ukichelewa, kitambaa kimeshanunuliwa kwa jina lako, na hapo hakuna cha kujitetea.

Ikishindikana, mwambie fundi akushonee sketi na blauzi badala ya gauni. Sketi ya kitenge inakwenda na blauzi nyeupe hata kazini. Aache nguo ya kutosha kwenye mishono, miili yetu haituombi ruhusa. Zile 14 za zamani, zenye yadi nyingi zifumue. Pazia langu la jikoni ni sare ya harusi ya binamu yangu. Ndoa yenyewe ilidumu miaka miwili; pazia liko mwaka wa sita.