Uvimbe wa kope unaorudi palepale baada ya kupasuliwa

Uliyeuliza kutoka Lamu: bi mkubwa wako ana miaka zaidi ya 60, uvimbe wa kope ya juu umeshapasuliwa mara mbili, umerudi palepale, na duka la dawa limesema ni chokea sugu.

Chokea ni kijipu. Kinauma, kinaiva kwenye shina la nywele ya kope, na mara nyingi kinakwisha ndani ya wiki moja au mbili. Uvimbe mgumu usiouma, umekaa ndani kama punje ya dengu, ni kalazioni: tezi ya mafuta imeziba na mafuta yamevuja ndani ya nyama. Antibiotiki hapo ni pesa za bure. Dawa yake ni joto. Kitambaa safi, maji ya moto ambayo ngozi inayastahimili, dakika 10, mara 4 kwa siku. Kitambaa hupoa upesi, kwa hiyo kichovye tena na tena. Kisha sugua polepole kuelekea kwenye nywele: kope ya juu unashuka, ya chini unapanda. Endelea hivyo mwezi mzima. Wengi huacha siku ya tano wakasema haisaidii. Na wanja wa manga uwekwe kando kwanza, hasa kile kijiti kinachozunguka nyumba nzima.

Sasa la bi mkubwa. Kalazioni nyingine kutokea mahali pengine kwenye kope si ajabu, kope ya juu peke yake ina tezi 30 hivi. Lakini ikirudi palepale kwa mtu wa umri huo, shuku saratani ya tezi za mafuta mpaka maabara ikatae. Ni nadra, ila inajua kujificha. Washa tochi uangalie ukingo wa kope: nywele zimenyonyoka penye uvimbe? Ukingo umekuwa mnene, una umanjano? Jicho hilo moja limekuwa jekundu miezi na miezi, la pili safi? Papasa pia mbele ya sikio na chini ya taya, kama kuna tezi imevimba.

Uliza kama nyama iliyotolewa ilipelekwa kupimwa. Mara nyingi hukwanguliwa ikatupwa, na kosa liko hapo. Safari hii ikatwe, itiwe kwenye formalini ya asilimia 10 (maji ya dawa ya kuhifadhia nyama ya kupimwa), si spiriti wala maji, na fomu iandikwe wazi kinachoshukiwa. Majibu yakitoka safi na dalili zingali zipo, huenda kipande kilikuwa cha juujuu. Ikatwe tena, kipande kinachopita unene wote wa kope.

Matone ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, msimtie kiholela. Wekundu utapungua, mtadhani amepona, kumbe presha ya jicho inaweza kuwa inapanda kimyakimya, na kama kuna kidonda cha fangasi au cha virusi vya hepesi kwenye kioo cha jicho kitachimba zaidi.

Jicho likitokeza nje, likiuma anapolizungusha, akiona vitu viwiliviwili au uoni ukififia, hasa pamoja na homa, hilo ni jambo jingine: usaha unaweza kuwa umefika nyuma ya jicho. Hospitali siku hiyohiyo, antibiotiki ya mshipa, msingoje boti ya asubuhi.

Kama hana dalili hizo, panga safari ya kliniki ya macho wiki hii. Kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, gati la upande wa bara, chukua karatasi za upasuaji wote wawili, dawa alizotumia zikiwa na chupa zake, na picha za zamani za uso wake. Kwenye picha ndipo daktari ataona nywele za kope zilianza kupungua lini.