Re: Dodoma mpaka Zanzibar na watoto, bajeti ndogo

Dada uliyeuliza jinsi ya kwenda Zanzibar na watoto kwa bajeti ndogo, pole na hizo hesabu za nauli, kutoa watu wanne Dodoma mpaka Zanzibar mwezi wa 12 si mchezo. Mi naona msianzie ndege hapo Dodoma, shukeni na treni ya SGR mpaka Dar halafu ndo mchague boti au ndege, ndege yenyewe inaruka kama dakika 20 tu watoto hata hawajaanza usumbufu. Tiketi kata sasa hivi, wiki ya Krismasi bei inapaa.

Huyo mtoto mdogo kama hajafikisha miaka 2, kwenye ndege mnampakata na nauli yake inakuwa ndogo sana, ila vyeti vya kuzaliwa beba vya wote. Airport ya Dar angalia tiketi imeandika terminal 2 au 3, ni majengo tofauti, teksi ikiwashusha jengo silo mkiwa na mabegi na watoto utalia. Pawabenki (betri ya kuchajia simu) weka begi la mkononi, kisu na mkasi begi kubwa. Hizo zabibu za zawadi mnazotaka kubeba pimeni kilo nyumbani kabisa, uzito ukizidi kaunta wanakamua kweli.

Halafu umesema una mimba ya miezi 7, hapo usibahatishe, kampuni nyingi za ndege zinadai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, pita kliniki kabla hujalipia chochote.