Kumwogesha mzee kitandani: dodoki, sabuni na taulo

Mama mkwe namwogesha kitandani kwa dodoki na sabuni ya mche. Sasa miguu ina magamba na anajikuna usiku kucha. Tatizo nini? (Morogoro)

Hivyo hivyo viwili, dada. Ngozi ya uzeeni ni nyembamba na haitoi mafuta kama zamani. Ina uchachu kidogo: kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikipanda uchachu unapungua, ni 5 hivi, wakati sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Ya mche ni ya nguo, tuseme ukweli. Tena kitandani tunasuuza kwa kubania maji, godoro lisilowe, kwa hiyo povu linabaki mwilini na kuendelea kukausha. Dodoki nalo linakwangua. Tumia kipande cha khanga kuukuu, maji ya uvuguvugu, na sabuni laini isiyo na manukato, tena kidogo: kwapani, kinenani na makalioni. Kwingine maji yanatosha. Mpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu.

Vile vitambaa vya unyevu vya watoto, vya pakiti, vinafaa kwa baba? (Mombasa)

Vinafaa, hasa akishajisaidia. Chagua visivyo na manukato wala spiriti.

Jirani anasema nimsugue babu mgongo kwa spiriti asipate vidonda vya kulalia. (Iringa)

Hata wauguzi walifanya hivyo enzi hizo. Wewe usifanye. Spiriti inakausha, na kusugua palipoanza kuumia juu ya mfupa kunazidi kuumiza nyama ya ndani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kidonda kinachoanza hujificha, basi papasa kwa mgongo wa kiganja nyongani, visiginoni na penye kifandugu: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au rangi imekolea? Mgeuze asilalie hapo, na pasipotulia mpeleke zahanati. Kinga ya vidonda hivyo ni kumgeuza mara kwa mara.

Taulo moja halitoshi? (Tanga)

Halitoshi. Uso uwe na kitambaa chake, mwili chake, sehemu za siri chake, na maji ya beseni yabadilishwe. Taulo lililokakamaa juani lifikiche kwanza. Unapokausha, gandamiza badala ya kufuta; usisahau chini ya matiti na katikati ya vidole. Poda iache, inafanya madonge kwenye mikunjo.

Lazima kila siku? (Kigoma)

Uso, kwapa na huku chini, ndiyo. Mwili mzima mara mbili au tatu kwa wiki, labda awe ametoka jasho.