Picha za safari zenu: kila mmoja aandike anachokumbuka, tena mapema

Dada, umeuliza hivi: wewe na mumeo mmesafiri pamoja kwa miaka 6, mna picha zaidi ya 10,000 kwenye simu mbili, hamzitazami kabisa, na sasa mnafikiria kununua kamera kubwa ili kumbukumbu zenu zisipotee. Mimi na mke wangu tuna miaka 26 ya kusafiri na kupigana picha, na hakuna kati yetu aliyesomea kazi hiyo. Kamera nitaifikia. Ila kwa nilivyokuelewa, tatizo lenu halipo kwenye kamera.

Sisi tulianza na filamu: kamera ndogo ya milimita 35, mkanda wa picha 36, na kwa safari nzima tulijiruhusu mikanda miwili tu. Kabla ya kubonyeza tulikuwa tunaulizana, "Na hii nayo?" Ukikosea, hujui mpaka filamu isafishwe. Mwaka 1888 George Eastman alipotoa kamera yake ya Kodak, iliyomwezesha mtu wa kawaida kupiga picha bila kujua kemia, ilikuja na filamu ya picha 100 ndani. Ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani. Mume na mke wa wakati ule walikuwa na nafasi 100, sisi tulikuwa na 72, nyinyi hamna kikomo. Kwa hiyo kazi ya kuchagua, ambayo kwetu ilifanyika kabla ya kubonyeza, kwenu lazima ifanyike baadaye. Msipoifanya hakuna atakayewafanyia, na picha 10,000 zisizochaguliwa hazina tofauti kubwa na kutokuwa na picha.

Sasa niseme kilichonichukua miaka mingi kukielewa. Mimi nilikuwa napiga mandhari: milima, maporomoko, jua likizama, majengo makubwa. Mke wangu alikuwa anapiga vitu ambavyo niliona ni kupoteza filamu. Viatu vyetu vyenye tope mlangoni. Tiketi mbili juu ya kitanda. Mkono wangu umeshika ramani. Kipande cha kioo cha dirisha la treni chenye matone ya mvua. Leo tukifungua albamu, milima yangu tunaipita haraka, kwa sababu mlima ule ule umepigwa na maelfu ya watu, wengi wao vizuri kuliko mimi. Tukifika kwenye viatu vyenye tope, tunakaa. Hapo mazungumzo yanaanza.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani, uliofanyika ndani ya jumba la makumbusho. Watu walioambiwa wapige picha ya kitu kizima walikumbuka vitu vichache kuliko walioambiwa watazame tu. Lakini walioambiwa wasogeze lenzi kwenye sehemu moja ya kitu, kumbukumbu yao haikupungua hivyo. Niliposoma matokeo yale nilimwonyesha mke wangu, nikamwambia viatu vyake vimepata utetezi. Kusogelea kitu kidogo kunamlazimisha mtu akitazame kweli. Kupiga mlima mzima ni rahisi sana kuiachia kamera ikutazamie.

Jambo kubwa zaidi lilitufikia kwa picha moja ya basi. Basi limesimama kando ya barabara, mvua inanyesha, watu wameshuka wamejifunika chochote walichonacho. Niliipiga mimi. Nyuma yake niliandika kwa penseli: "Basi limeharibika, tumekaa saa 4." Kwangu picha ile ilikuwa ya adha, na kwa miaka kama kumi kila nikiiona nilikumbuka baridi na hasira.

Jioni moja tulikuwa tunapanga picha upya, mke wangu akaishika akatabasamu. Nikamuuliza anatabasamia nini kwenye balaa lile. Akaniambia kwamba mama yake alikuwa amefariki miezi mitano kabla ya safari, na pale kando ya barabara, amekaa juu ya mizigo huku mvua inampiga, ndipo kwa mara ya kwanza moyo wake ulipotulia. Hakuwa ameniambia. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, kamera mkononi, na sikujua.

Kumbe picha ile ilikuwa na kumbukumbu mbili, na iliyoandikwa ilikuwa moja tu, tena ile nyepesi. Nilimwomba aandike ya kwake chini ya yangu. Tangu siku hiyo hatuandiki maelezo ya picha pamoja. Kila mmoja ana karatasi yake, anaandika bila kumwonyesha mwenzake, halafu ndipo tunasomeana. Dada, kama utachukua jambo moja tu kwenye maneno yangu yote haya, chukua hilo. Mkiandika pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekumbuka kwa niaba ya wote wawili. Kwetu ilikuwa mimi, na naumia nikifikiria picha ngapi za mwanzo zina maneno yangu peke yake.

Tena fanyeni mapema. Sisi tunakaa ndani ya wiki ya kwanza baada ya kurudi, hata kama uchovu haujaisha. Kila mmoja anachagua picha 20 kwenye simu ya mwenzake, si kwenye yake, maana ya kwako utaipenda kwa sababu ulihangaika kuipata. Zinazobaki baada ya kuunganisha huwa kati ya 25 na 40. Hizo ndizo tunazochapa na kuziandikia. Majina ya watu mliokutana nao yaandikeni kwanza, hayo ndiyo yanayotoroka kabla ya vyote. Wakati wa kusomeana tunawasha kinasa sauti cha simu tukakiacha mezani. Sauti ya mwenzako akicheka kuhusu picha fulani haiandikiki.

Kuhusu simu mbili: huenda picha zenu zimechanganyika kwa sababu saa hazikulingana. Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake taarifa zinazoitwa EXIF, yaani tarehe, saa, na mara nyingi mahali. Simu hujirekebisha saa ikipata mtandao, kamera nyingi hazijirekebishi, na mkiingia nchi yenye saa tofauti, asubuhi ya mmoja inakuwa usiku wa mwingine. Sisi siku ya kwanza ya safari kila mmoja anapiga picha ya saa moja ile ile ya ukutani. Baadaye tunaona tofauti ni dakika ngapi, na programu ya picha inasogeza zote kwa mpigo.

Halafu uhifadhi, na hapa tuliumia. Safari moja nzima, picha 400 na zaidi, tuliziweka kwenye diski moja ya nje tukafuta memori kadi. Diski ikafa. Zilizobaki ni 9 tu ambazo mke wangu alikuwa amemtumia dada yake kwa programu ya ujumbe, nazo zilikuwa zimebanwa zikawa ndogo na tarehe zake zimeondolewa. Alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia. Siku hizi tunafuata kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2 tofauti, na 1 kati ya hizo ikae mbali na nyumba, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuifungua usiihesabu.

Kama mna picha za karatasi, za kwenu au za wazazi, ziondoeni kwenye zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Gundi ile inageuka manjano na kuishika picha kwa nyuma. Kwanza zipigeni picha kurasa nzima kama zilivyo, maana mpangilio nao una maana yake, kisha piteni polepole nyuma ya kila picha na uzi wa kusafishia meno. Isiyokubali iacheni, msiilazimishe. Ziwekeni mahali pakavu, penye giza na pasipo joto, kwa sababu rangi za picha hufifia kwa mwanga na joto. Ndiyo maana picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 zimebaki na wekundu. Mkiskani, nukta 600 kwa inchi zinatosha kwa picha ya karatasi. Negativu, yaani ile filamu yenyewe iliyosafishwa, inataka kama 3,000, kwa kuwa ni ndogo, milimita 24 kwa 36. Negativu msizitupe hata baada ya kuskani.

Nyuma ya picha tumieni penseli laini, na msikandamize. Karatasi za siku hizi zina plastiki na penseli haishiki vizuri, hivyo sisi tunaandika kwenye karatasi pembeni yake ndani ya albamu.

Na muwemo wote wawili. Katika mikanda yetu 22 ya filamu, picha tulizomo mimi na yeye pamoja ni 5 tu, kwa sababu kila mara mmoja alikuwa nyuma ya kamera. Kipima muda cha sekunde 10 kipo karibu kwenye kila simu. Iegemezeni kwenye jiwe, kwenye begi, popote. Ikitoka imepinda, acheni ipinde.

Kamera sasa. Kama mmoja wenu anapenda kushika kamera kwa raha yake, nunueni, ni starehe njema. Kama ni kwa ajili ya kumbukumbu, simu mlizonazo zinatosha. Anzeni na safari moja, ile ya karibuni zaidi, msianze na zote 10,000.

Sisi tunayo picha moja ya filamu, ufukwe wa ziwa, maji yametulia, mke wangu amenipa mgongo. Mimi nakumbuka ni alfajiri. Yeye ana hakika ni jioni, na anakumbuka hata tulichokuwa tunabishania. Negativu haikuandikwa saa. Pembeni yake kwenye albamu kuna maneno ya wote wawili, ya kwake yakiwa juu.