Muulize Fundi: Ninunue stebilaiza nene ya mbele?

SWALI

Fundi, nina Prado 120 niliyoinunua ikiwa imetumika. Huwa natoka Kakamega kwenda Nakuru na watoto, mizigo ikiwa juu ya keria. Nikishuka Riat kuingia Kisumu, na tena kwenye kona za Kericho, gari linalalia upande hadi watoto wanashikilia viti. Kona ikiisha linaruka upande wa pili, linayumba, ndipo litulie. Muuza vipuri anasema niweke stebilaiza nene ya mbele, kile chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Barabara ya kwetu ni ya udongo, mvua ikinyesha ni matope matupu. Ninunue?

Mama wa Watatu, Kakamega

JIBU

Usinunue bado, dada. Kulala na kuyumba ni magonjwa mawili, na stebilaiza hutibu la kwanza tu.

Gari likiendelea kuyumba baada ya kona kuisha, mimi hutazama shoki kwanza, zile zinazotuliza mdundo wa springi. Stebilaiza yenyewe ni springi: chuma kilichopindwa, kikashikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili (vishikio vya mpira), na ncha zake kuungwa kwa linki (vijiti vifupi) na sehemu zinazobeba magurudumu. Gari likilala, chuma kinasokotwa na kusukuma bodi irudi. Kazi ya kutuliza mrudio huo ni ya shoki. Ukiweka chuma kigumu zaidi huku shoki zimekufa, bodi itarudishwa kwa nguvu zaidi na hakuna cha kuituliza. Watoto wataumia zaidi ya sasa.

Kwa hivyo fundi wako aingie chini ya gari. Atazame kama shoki zinavuja mafuta, azishike linki na kuzitikisa, akague bushi. Linki zilizolegea hugonga kwenye mashimo madogo. Bushi zikiisha, chuma kinacheza kwanza kabla hakijaanza kazi. Vipuri hivi ni vya bei ndogo ukilinganisha na stebilaiza mpya. Pima pia upepo wa tairi kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Na mizigo ya keria, tafadhali iingize ndani, mizito sakafuni. Uzito ulio juu ya paa hulalisha gari kuliko uzito huo huo ukiwa chini, na hilo halikugharimu chochote.

Bado linalala mno? Sasa tuzungumze unene. Ugumu wa chuma hiki hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, yaani kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo. Kutoka milimita 25 hadi 28 unaona nyongeza ya 12% tu, lakini ugumu umepanda kwa takriban 57%, ikiwa umbo na aina ya chuma ni zile zile. Milimita 3 si kidogo! Singekushauri upite hapo.

Nene ya mbele peke yake siipendi. Hupunguza kulala, ndiyo, lakini tairi za mbele huachilia mapema na pua ya gari hutaka kutoka nje ya kona. Ukizidisha ya nyuma, mkia ndio huteleza, na kwenye lami yenye maji ya mvua ya Kericho hilo ni hatari zaidi. Nunua jozi iliyotengenezwa pamoja kwa modeli yako. Kama ina matundu ya kurekebisha, anza na tundu la mwisho karibu na ncha, ndilo laini.

Ujue utakacholipa kwenye matope. Stebilaiza hufunga gurudumu la kushoto na la kulia pamoja. Kadiri inavyokuwa ngumu, ndivyo gurudumu moja linavyonyanyuka upesi kwenye mtaro na kuzunguka bure. Kwa barabara ya kwenu, shoki nzuri na stebilaiza ya kiwandani yenye bushi mpya ndizo ningekufungia.

Wenye Prado 150 au Land Cruiser 200 zenye mfumo uitwao KDSS, msibadilishe kitu hapo: stebilaiza zenu zimeunganishwa na mitungi ya mafuta, na mfumo huo huzilegeza wenyewe njia ikiwa mbaya.

Ukiamua kufunga mpya, bushi za poliurethani zipakwe grisi ya silikoni, na nati zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake mahali tambarare. Kisha fundi azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ahakikishe chuma hakigusi tairi wala paipu ya breki.