Barua kwa mwanangu: tairi la Percy Lambert

Mwanangu,

Salamu zimefika, pamoja na picha ya kaburi la Percy Lambert, yule dereva wa mashindano wa Uingereza, pale makaburi ya Brompton, London. Unauliza huyu mzee wa picha ya gerejini kwetu alikufaje. Hilo jepesi: tairi la nyuma. Nimewaambia tangu mko wadogo, gari ni tairi, mengine mapambo. Linalonisumbua mimi ni kwa nini alirudi.

Maana kazi alishaimaliza. Tarehe 15 Februari 1913, na gari lake la Talbot kule Brooklands, Uingereza, ile njia ya mashindano ya zege yenye kingo zilizoinuka kama bakuli, akawa mtu wa kwanza duniani kupita maili 100 kwa gari ndani ya saa moja. Maili 103 na ushei, kama kilomita 167. Kuugusa mwendo huo ni jambo moja. Yeye aliushikilia saa nzima, kwa matairi ya enzi zile! Inasimuliwa alikuwa na mchumba, na alishamwahidi kuacha. Mwaka huohuo wengine wakampita. Tarehe 31 Oktoba akarudi palepale kuidai rekodi yake, tairi likapasuka, gari likapinduka.

Tamaa, atasema mama yako. Ana haki, kovu la mkono wake unalijua. Ila upande wangu hujausikia. Siku ile ya ajali ya basi langu, utingo alinionyesha tairi la nyuma kushoto: kipara, waya zinachungulia. Nikamwambia tutabadilisha Korogwe. Na kweli nilikuwa naenda taratibu, mama yako kiti cha nyuma yangu, amekupakata. Tulipopita Segera, basi jingine likatupita, konda wao amening'inia mlangoni ananipungia leso. Leso tu, mwanangu! Nikakanyaga mafuta. Tairi liliposema paa, tulikuwa tayari ndani ya mkonge.

Sasa nimhukumu Lambert kwa mdomo gani? Yeye garini alikuwa peke yake, mimi nilibeba roho za watu. Hapo kanizidi. Lakini mchumba naye si abiria? Tena ahadi ni ahadi. Ah, alikosea... hapana, hilo nisiliandike. Hakuna aliyempungia leso, lakini kupitwa ni kupitwa.

Kumbe nimejaza karatasi. Hiyo pikipiki unayosambazia vyakula huko London, tairi lake la nyuma umelitazama lini?

Baba yako