Kwa nini sinagogi huomba ada ya mwaka

Ndugu, umeuliza kwa nini sinagogi la jumuiya ndogo, kama lile la Nairobi, huwaomba waumini ada ya mwaka badala ya kupitisha kikapu cha sadaka kama ilivyo makanisani. Siku ya Sabato, ambayo ndiyo siku watu hukusanyika kwa ibada, sheria ya Kiyahudi hairuhusu kushika fedha, kwa hiyo michango hulipwa siku nyingine. Desturi ya kila mtu kuchangia ni ya kale: katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, kila aliyehesabiwa, kuanzia umri wa miaka 20, alitakiwa kutoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze.

Gharama za paa, mlinzi na umeme hazipungui kwa sababu familia ni chache, na hapo ndipo jumuiya ndogo huelemewa. Hata hivyo, sala kamili ya pamoja huhitaji watu wazima 10, ambao kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, yaani wale wa kimapokeo, ni wanaume, nami naamini kwa dhati kwamba anayefika Ijumaa jioni, Sabato inapoanza, akawa wa kumi ametoa mchango mkubwa kuliko fedha. Asiyemudu ada yote azungumze na mweka hazina faraghani, kwani jumuiya nyingi humpunguzia.